Kurasa Nne Mbele

Nicholas Kipyego alikuwa msomaji wa polepole, na jambo hilo lilimpa kiburi. Vijana wengine waliotoka misheni miaka ile walijitapa kwamba wamemaliza kitabu kizima kwa mwezi mmoja, na ukiwauliza kimesema nini wanakuna kichwa. Kipyego hakutaka kuwa miongoni mwao. Yeye alikaa na sentensi moja juma zima, akaitafuna mpaka ikalainika, na hakuona kwa nini mtu amwendee Mungu mbiombio kana kwamba gari la moshi linamwacha.

Alikuwa mtu wa mkokoteni wa krimu. Kaburu aliyemwandika kazi alikuwa na shamba upande wa Ainabkoi, na mara mbili kwa juma Kipyego aliwafunga ng'ombe nira, akapakia madebe, akashika njia ya Eldoret mapema kabla jua halijaichachusha krimu. Njia ilikuwa ndefu na ng'ombe hawakuwa na hamu yoyote ya mjini, kwa hiyo alipata saa nyingi za kuwa peke yake na nyaraka za mitume. Alikuwa nazo katika kijitabu cha Kiswahili alichopewa siku aliyobatizwa akaitwa Nicholas. Alikifunga kwa kitambaa cha kaniki na kukitia mfuko wa ndani wa koti kuukuu la jeshi. Njiani hakukifungua. Alikariri tu sentensi ya juma lile kwa sauti, na waliopishana naye walidhani anagombana na ng'ombe.

Mwaka 1934 Kaburu alimruhusu kutumia stoo ya magunia kila Jumamosi alasiri, naye Kipyego akaanzisha darasa. Walikuja watu kumi na watatu. Baadhi walikuwa Wanandi waliokaa na mifugo yao humo shambani kwa mkataba wa kazi, wengine Wabukusu waliotoka magharibi kutafuta mshahara. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha shambani, cha kuamrishana na kuitana. Katika zile nyaraka walikuta maneno ya imani, ya subira, ya mwenendo mtakatifu, maneno ambayo hakuna nyapara aliyewahi kuwatamkia.

Kipyego aliweka sheria mbili. Ya kwanza, wangesoma sentensi moja, na wasingesogea mpaka kila mmoja aiseme kwa moyo bila kukwama. Ya pili, hakuna ruhusa ya kuchungulia mbele, yeye mwalimu akiwa wa kwanza kujizuia. Alisema anayetangulia kutazama mwisho wa barua ni sawa na mgeni anayefunua sufuria kabla ya kukaribishwa. Watu walimsifu sana kwa sheria hiyo ya pili. Yeye mwenyewe aliipenda kuliko walivyojua, maana alikuwa na pupa ya kujua, na kila alipofunga kitabu bila kugeuza ukurasa alijiona ameushinda mwili.

Aliyewachelewesha alikuwa Walubengo, fundi wa nira na magurudumu. Walubengo angekuundia gurudumu usione mahali lilipoungwa, lakini sentensi ya mtume ilimtoka kichwani kabla hajafika mlangoni. Moja ilimchukua majuma sita. Darasa zima likamsubiri, na akina mama wakamtania kwamba mbinguni ataingia amebebwa mgongoni. Na msimu wa mavuno ukifika, hakuna darasa kabisa mpaka mahindi ya Kaburu yaingie ghalani.

Aliyewashinda wote alikuwa mama mzee aliyeitwa Jepkosgei. Darasa zima lilimwita Kogo, yaani bibi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na herufi hakuijua hata moja, lakini akiisikia sentensi mara mbili ilikuwa yake ya kudumu. Kiswahili chote alichokuwa nacho alikipata humo humo kwenye nyaraka. Akienda kwa jirani Mbukusu kuomba chumvi, alianza na neema na amani, akawasalimu wote waliomo nyumbani kwa majina, na mpaka anafika kwenye chumvi jirani amekwisha kuvaa uso wa ibada. Kipyego alimpenda kama mama. Alikuwa na sababu, kwa kuwa mama yake mzazi alipofariki, ni Kogo aliyemnywesha maziwa ya kibuyu chake akiwa hajui hata kukaa.

Kogo hakujaliwa mtoto. Mume wake alipokufa alimwachia ng'ombe wa nyumba yake, na kwa Wanandi nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachwi ife hivi hivi. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa mahari, anamleta msichana nyumbani kwa sherehe zote, na tangu siku hiyo yeye mwenyewe anahesabiwa mume, anaketi pamoja na wazee wa kiume, na watoto ambao msichana atawapata kwa mwanamume aliyekubalika ni watoto wa nyumba ile na warithi wa ng'ombe wale. Wanawake hao wawili hawana mambo ya kitanda kati yao. Kinachotafutwa ni jina lisipotee na uzee usiwe wa upweke.

Basi Kogo alimwoa Jemutai, msichana kutoka kwenye ukingo wa bonde la Kerio, na Jemutai akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Kipkorir. Jemutai ndiye aliyepalilia mahindi ya Kaburu kwa niaba ya nyumba yao, kwa sababu kwa mkataba wa shamba kibanda kisicho na mtu wa kazi kilibomolewa. Jemutai ndiye aliyekamua, aliyechota maji, na kila Jumamosi ndiye aliyemshika Kogo mkono mpaka stoo ya magunia. Alikaa mlangoni na mtoto mgongoni, akisubiri darasa liishe.

Mapema mwaka 1936 walikuwa kwenye waraka ambao mtume alimwandikia kijana wake aliyemwacha kutunza kanisa. Walifika mahali anapoeleza msimamizi wa kanisa awe mtu wa namna gani, na mojawapo ya sifa zake ni kuwa mume wa mke mmoja. Wanaume wawili waliokuwa na wake wawili wawili walitazama dari. Kogo aliomba irudiwe, akaisema yote bila kukosea, kisha akacheka kwa furaha.

"Lakini huyo ni mimi," alisema. "Mume wa mke mmoja. Mnisimamishe mbele!"

Stoo nzima iliangua kicheko. Walubengo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shati. Hata Jemutai huko mlangoni alijificha uso kwa aibu ya furaha. Kipyego peke yake hakucheka, na laiti angecheka.

Juma lile sentensi haikulainika. Njia nzima ya Eldoret aliitafuna, kwenda na kurudi, na kadiri alivyoitafuna ndivyo ilivyokuwa ngumu. Kama Kogo ni mume, basi ile ni ndoa. Na kama ile ni ndoa, ni ndoa ya mwanamke na mwanamke, na mtume anayetaka watu waishi katika utakatifu angesemaje juu yake? Alikuwa amekulia ndani ya desturi hiyo na hakuwahi kuiona kasoro. Sasa aliiona kila mahali. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya, maana Bwana wa misheni, yule mchungaji Mzungu, alikuwa amempa habari kwamba atabatiza mwezi wa nne katika mto Sosiani, na kwamba kazi ya kuwapima watu kabla ya ubatizo anamwachia Kipyego, kwa kuwa Kipyego anawajua watu wake.

Alimwendea Walubengo kwenye karakana, akamweleza. Walubengo hakuacha kupiga randa.

"Mwalimu, hiyo maneno ni rahisi," alisema. "Andika Kogo ni mjane na Jemutai ni mtoto yake. Mzungu atajua nini?"

"Utakuwa uongo."

"Uongo gani? Wewe ulizaliwa hapa, ndiyo unaona mume. Mimi mtu wa mbali naona mama mzee, na msichana anamshika mkono. Sijaona kitu ingine mpaka leo."

Kipyego alitoka pale amekasirika. Aliona Walubengo ni mtu wa njia za mkato, mtu asiyeweza hata kukariri sentensi, atamfundisha nini yeye? Angeweza kumwuliza Bwana wa misheni. Angeweza pia kufungua kitabu, kikiwa pale pale kifuani mwake, asome waraka ule mpaka mwisho aone mtume anawafanyia nini wajane na watu wa nyumba zao. Lakini sheria ni sheria, na hakutaka kuonja mbele kwa sababu tu amebanwa. Alijizuia, na akajisifu kwa kujizuia.

Siku aliyokwenda kwa Kogo alimkuta anaota jua, Kipkorir amelala mapajani mwake. Walizungumza Kinandi, taratibu, kama mama na mtoto.

"Kogo, siwezi kukuandika ubatizwe ukiwa mume wa mtu," alisema. "Mbele ya Mungu wewe ni mjane. Jemutai ni binti wa watu."

"Unataka nifanye nini?"

"Arudi kwao."

Kogo aliuweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. "Na huyu?"

"Mtoto atafuata mama yake."

Kogo alimfunika mtoto kwa shuka lake. Hakubishana, wala hakuuliza imeandikwa wapi, kwa sababu anayejua kusoma alikuwa amekwisha kusema. Aliuliza tu kama atabatizwa pamoja na wengine, na Kipyego akamwambia ndiyo, pamoja na wengine.

Jemutai aliondoka siku ya Jumatano. Alimwuliza Kogo amekosa nini, na Kogo akamwambia hajakosa kitu, akashindwa kuendelea. Kogo hakudai mahari aliyotoa irudishwe. Kipyego aliona vema awasaidie, akawapandisha kwenye mkokoteni kati ya madebe ya krimu mpaka njia panda ya kwenda Kerio. Mtoto alifurahi sana, kwa kuwa hakuwahi kupanda mkokoteni, na alipoteremshwa alilia anataka tena. Kipyego aligeuza macho, akawachapa ng'ombe, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Mwezi wa nne Kogo aliingizwa katika maji ya Sosiani akatoka anatetemeka, akaitwa Priscah. Bwana wa misheni alimsifu kwa jinsi alivyozijua nyaraka. Alipouliza kama ana watu nyumbani, Kipyego ndiye aliyetafsiri swali, na Kipyego ndiye aliyetafsiri jibu. Hana mtu.

Kilichofuata hakikuhitaji nabii. Nyumba ya Kogo haikuwa na mkono wa kazi, na msimu wa palizi ulipopita nyapara alikuja na watu wawili wakaing'oa paa. Ng'ombe walichukuliwa na Kipkemboi, mtoto wa ndugu wa marehemu mume wake, akisema anawatunza tu. Kogo mwenyewe alipewa nafasi katika banda la ndama la Kipkemboi. Mchana alikaa humo peke yake, na ndama walipoletwa jioni alijisogeza ukutani. Kipyego alimpelekea maziwa kila aliporudi kutoka mjini. Na hili ndilo aliloliona aibu mpaka mwisho wa maisha yake: katika darasa alimtaja Kogo kama mfano. Aliwaambia watazame mama aliyeacha vyote kwa ajili ya imani. Kogo alikuwa ameketi pale pale, amechelewa kufika kwa kuwa hakupata wa kumshika mkono, na majani ya banda bado yako kwenye shuka lake.

Miaka miwili ilipita. Kwa mwendo wa Walubengo, na mahindi, na mvua, darasa lilisogea kurasa nne.

Jumamosi moja ya mwaka 1938 Kipyego alifungua mahali walipofikia, akaanza kusoma sentensi mpya kwa sauti, na kama kawaida yake alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza pamoja nao. Mtume alikuwa anaandika habari za wajane. Alisema mjane akiwa na watoto au wajukuu, hao ndio wanaopaswa kujifunza kwanza kumtunza, nyumbani kwao wenyewe, na kwamba Mungu hupendezwa na hilo.

Katikati ya sentensi akaacha kusoma.

"Mwalimu, maliza," alisema Walubengo.

Akamaliza. Alikitazama kitabu asiweze kuinua macho. Alitaka kusema darasa limekwisha, lakini Kogo alikuwa ameinua mkono, kama alivyofanya siku zote.

"Irudie," alisema.

Akairudia. Kogo akaisema yote, kwa sauti ile ile ya utulivu, wajane na watoto na wajukuu, hakuacha neno. Kisha sheria ikachukua mkondo wake, na hakuna aliyethubutu kuivunja. Sentensi ilizunguka stoo, mdomo mmoja baada ya mwingine, wanawake kwa wanaume, na kila aliyeisema aliinamisha kichwa akimaliza. Zamu ikamfikia Walubengo. Katika miaka minne hakuwahi kuijua sentensi siku ile ile. Siku hiyo aliisema mara moja tu, kamili, na hakuna aliyemtania.

"Mwalimu," alisema Kogo, "hii iko mbali kiasi gani na ile ya mume wa mke mmoja?"

Kipyego aligeuza kurasa nyuma. "Kurasa nne, Kogo."

"Ni barua nyingine?"

"Ni ile ile."

Kogo alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilidhani wewe umeisoma yote," alisema. Akaomba mtu wa kumpeleka nyumbani.

Jumatatu Kipyego aliomba ruhusa, akashika njia ya Kerio kwa miguu. Alimkuta Jemutai kwa mume, mzee mmoja aliyekuwa na wake wengine wawili. Alikuwa mjamzito, anapanga kuni. Mtoto hakuwapo, alikuwa na watoto wenzake bondeni.

Kipyego alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Hakupata nafasi ya kuyasema.

"Mwalimu, nilikosa nini?" Jemutai alimwuliza hata kabla ya maji ya kunywa. "Yule mama hakuweza kuniambia. Niambie wewe."

"Hukukosa kitu."

"Basi ilikuwaje?"

"Nilisoma vibaya, Jemutai. Nilisoma nusu. Sasa tumefika mbele na imeandikwa kwamba watu wa nyumba yake ndio wa kumtunza. Nimekuja kukuomba urudi."

Jemutai aliendelea kupanga kuni mpaka akamaliza mstari.

"Mtoto ana baba sasa," alisema. "Mahari imetoka, wazee wamekula, na mimba hii ni ya hapa. Unataka nivunje nyumba ya pili kwa sababu umefika ukurasa mwingine? Na ule unaofuata ukisema jambo lingine, utakuja tena?"

Machozi yalimtoka Kipyego mbele ya mwanamke mdogo kwake kwa umri, na hakuyafuta. Jemutai aliingia ndani, akarudi na kibuyu cha maziwa lala.

"Mpe Kogo," alisema. "Mwambie Kipkorir ana afya. Ni mkaidi. Mwambie simwoni yeye kuwa na kosa, lakini sirudi."

Kipyego aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kufundisha aliacha. Alipozeeka kwenye kazi ya mkokoteni alihamia Eldoret mjini, akawa anafagia kanisa na kupanga viti, na hata miaka ya hamsini wazee wa kanisa walimsihi ahubiri, mtu anayezijua nyaraka namna ile. Alikataa kila mara kwa adabu. Walubengo alipomkuta mjini aliwahi kumwambia kosa lilikuwa lake yeye Walubengo, kwamba angekuwa na kichwa chepesi wangefika kwa wajane mapema. Kipyego alimkatalia kwa ukali mpaka watu waliokuwa dukani wakageuka. Kosa hilo hakutaka kugawana na mtu. Na yule aliyesisitiza sana kujua kwa nini hahubiri alisimuliwa habari za alasiri tatu kwenye banda la ndama.

Maana alipotoka Kerio alikwenda moja kwa moja kwa Kogo, akampa kibuyu, akamweleza kila neno la Jemutai, hata yale yaliyomchoma. Kogo alikinusa kibuyu kwanza, akalitambua jivu la mti ambalo Jemutai alisugulia vibuyu vyake kwa ndani, akanywa. Aliuliza mtoto amekuwa mrefu kiasi gani. Kipyego akalazimika kukiri kwamba hakumwona. Akaanza kuomba msamaha, na Kogo akamkatisha.

"Nimekusamehe tangu Jumamosi," alisema. "Lakini sasa sikariri tena. Nisomee yote iliyobaki mpaka mwisho. Nimezeeka, na sitaki kukutwa tena na neno lililokuwa linanisubiri mbele."

Basi akamsomea. Alifika alasiri baada ya kazi, akaketi mlangoni penye mwanga, akaanza pale pale walipokomea. Alisoma habari ya mtu asiyewatunza watu wa nyumbani kwake, kwamba huyo ameikana imani, na ilibidi aisome kwa kuwa imeandikwa. Siku ya pili alisoma ule waraka mfupi mkali unaouliza imani isiyo na matendo inamfaa mtu nini, na unaosema dini safi ni kuwaangalia yatima na wajane. Alisoma akilia, akasimama, akaendelea. Kogo hakumhimiza wala hakumfariji. Alisikiliza ameegemea ukuta, macho yamefumba, midomo inatembea.

Siku ya tatu alifika mwisho wa nyaraka.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, Kogo."

"Nimesikiliza vizuri. Sikusikia mahali alipoandika nimrudishe Jemutai kwao."

"Hapapo."

"Hata pale kwenye mume wa mke mmoja?"

Kipyego aligeuza kurasa nyuma, akapasoma tena, ingawa alipajua kwa moyo kwa miaka miwili. "Hata pale."

Nje watoto wa Kipkemboi walikuwa wanawaswaga ndama kuja bandani.

"Basi yale yalikuwa maneno yako," alisema.

Hakuyasema kwa hasira. Kipyego alizoea kusema baadaye kwamba hasira ingemsaidia. Ndama walikuwa wamefika mlangoni na mahali pale palikuwa pao. Kogo alinyoosha mkono ainuliwe, na Kipyego akaushika, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuushika.